Ukuta unaotoa jasho: kukarabati nyumba ya mawe na chokaa Mji wa Kale, Mombasa

Nyumba nyingi za ghorofa kati ya Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Leo nyingi zinakaliwa na familia kadhaa: huyu chini, yule juu, ngazi moja, paa moja. Na ugonjwa wao ni mmoja. Lipu inavimba usawa wa kiuno, unga mweupe unamwagika chini ya ukuta, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Fundi anaitwa, anapiga plasta ya saruji, ukuta unapendeza kwa miezi kadhaa, kisha unyevu unarudi na safari hii uko juu ya kichwa cha mtu.

Sababu iko ndani ya ukuta wenyewe. Una unene wa sm 45 hadi 60. Mawe yake yana vitundu, katikati umejazwa vifusi vilivyoshikwa na chokaa yenye udongo mwekundu, na chini hauna kitu chochote cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Waliojenga walijua hivyo. Ukuta hunywa maji kutoka chini na kutoka mvuani, kisha huyatoa kwa njia ya mvuke kupitia uso wake, na lipu ya chokaa inayapisha. Saruji haiyapishi. Maji yakikuta mlango wa chini umezibwa, hupanda kutafuta mwingine, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti. Hapo tatizo la lipu ya mtu wa chini limekuwa tatizo la sakafu ya mtu wa juu.

Makosa haya hayako Mombasa peke yake. Uskoti, katika miji kama Glasgow na Edinburgh, kuna mitaa mizima ya majengo ya ghorofa ya karne ya 19 yaliyojengwa kwa mawe laini ya mchanga. Mafundi wa baadaye walijaza viungo vya mawe kwa saruji. Saruji ikabaki ngumu na mawe ndiyo yaliyomomonyoka, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakitokea kwenye viungo yalilazimika kutokea kwenye jiwe. Dawa wanayotumia huko ni hii hii yetu: toa saruji, rudisha chokaa.

Kabla ya mwiko: ruhusa na majirani

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kubadilisha sura ya nje, mlango, roshani au paa kunahitaji idhini ya ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na kibali cha kaunti. Nenda na picha za ukuta na mchoro mdogo wa kazi, hata kama ni lipu ya nje tu. Kama nyumba ni ya wakfu, zungumza na mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, kwanza. Mpangaji hana mamlaka ya kuvunja ukuta. Na kama ukuta ni wa pamoja na jirani, kagueni pande zote mbili siku moja, kwa sababu bomba linalovuja mara nyingi liko kwake na doa liko kwako.

Tafuta maji yanakotoka

Usinunue hata ndoo ya mchanga kabla ya hatua hii. Chukua chaki, zungushia mipaka ya unyevu, andika tarehe ukutani, kisha uangalie kwa wiki mbili au tatu. Umbo la doa ndilo linalosema.

Unyevu unaoanzia chini na kuishia kwenye mstari wa mawimbi, kama mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni, unatoka ardhini. Angalia nje: je, barabara au sementi ya uchochoro imepandishwa ikawa juu kuliko sakafu ya ndani? Je, ndani kumemwagwa zege na vigae ukuta hadi ukuta? Sakafu ikizibwa yote, maji yaliyokuwa yakitoka polepole chumba kizima hukimbilia kwenye kuta. Vigae vilivyobandikwa ukutani hadi kifuani ni hivyo hivyo. Vinaficha doa na kulisukuma juu.

Doa la juu, karibu na dari au pembeni mwa dirisha, linaloongezeka saa chache baada ya mvua, ni la paa, gata au maungio ya roshani. Panda ukaangalie gata wakati mvua inanyesha. Siku ya jua haitakuonyesha kitu. Gata iliyojaa majani ya mwarobaini humwaga maji yote sehemu moja ya ukuta masika nzima.

Doa la mviringo lisilojali jua wala mvua ni bomba. Funga mifereji yote ya nyumba usiku, soma mita, soma tena alfajiri. Namba ikiwa imesogea, kuna uvujaji upande wa maji safi. Kwa bomba la choo cha juu, tia rangi ya chakula nyekundu ndani ya choo, piga maji mara tatu, na ungoje siku moja uone kama doa linabadilika rangi. Usisahau kijibomba cha kiyoyozi: kinadondosha maji kutwa kucha, na mara nyingi kimeelekezwa ukutani pasipo mtu kufikiri.

Lipo doa la nne linalowadanganya wengi, doa la chumvi. Chumvi iliyomo ukutani, iwe ya bahari, ya mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea au ya choo cha zamani, huvuta unyevu wa hewa. Hewa ikiwa nzito ukuta unalowa na kuwa mweusi. Kaskazi ikivuma unakauka wenyewe, hata kama hakuna bomba linalovuja. Ukikuta doa la namna hiyo, usichimbe kutafuta bomba. Chumvi hiyo hutolewa kwa njia nyingine, tutaifikia.

Kubandua saruji

Gonga ukuta wote kwa mpini wa mwiko. Panapolia kitupu, lipu imeachana na jiwe. Anza hapo, kwa tindo pana na nyundo ya wastani, tindo ikiwa imelala karibu sambamba na ukuta. Usitumie mashine ya kuchimba: tumbawe ni laini, na mtetemo hulegeza vifusi vya katikati. Panda mpaka sm 50 juu ya mstari wa mwisho wa unyevu.

Kuna sehemu saruji itakuwa imeng'ang'ania jiwe kiasi kwamba kila pigo linaondoka na uso wa tumbawe. Kama hapo ni pakavu, acha. Ni afadhali kiraka cha saruji kibaki miaka mitano zaidi kuliko kupoteza sentimita tatu za ukuta siku moja.

Viungo vilivyojazwa saruji, au chokaa iliyogeuka unga, chokoa mpaka kina cha sm 2.5 hivi, au mara mbili ya upana wa kiungo. Safisha kwa brashi kavu. Chumvi nyeupe iliyochanua juu ya mawe nayo ifagie kwa brashi kavu, ikusanye kwenye karatasi na uitupe nje. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya jiwe, na wiki ijayo utaiona pale pale.

Sasa subiri. Ukuta wa sm 50 uliolowa hadi kati unaweza kuchukua mwaka au zaidi kukauka kabisa. Hakuna anayengoja hivyo na haihitajiki, lakini uuache wazi angalau wiki nne hadi sita, madirisha yakiwa wazi. Ndiyo maana kazi hii huanza masika ikishapita, Julai hivi, wakati wa kusi, ili lipu imalizike kabla ya vuli. Lipu ya chokaa inayopigwa Januari, jua la kaskazi likichoma, hukauka kabla haijashika.

Chokaa yenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mara nyingi huharibikia dukani. Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, hayakuchomwa. Haishiki hata ukiingoja mwaka. Unayotaka ni chokaa ya ujenzi. Kipimo chake ni rahisi: weka kijiko kimoja kwenye glasi, mwagia siki. Ikichemka povu kwa nguvu, ni ya kilimo, au ni ya ujenzi iliyokaa wazi mpaka ikafa. Chokaa nzuri haitoi povu, ikitoa ni kidogo sana.

Unga wa mfukoni uloweke: mimina maji kwenye pipa, nyunyiza chokaa huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito, acha siku moja kwa uchache. Wiki moja ni bora, na unyororo wake utauhisi mkononi.

Ukipata mawe ya chokaa yaliyotoka kwenye tanuu na hayajatiwa maji, chokaa yake ni bora zaidi, lakini ni kazi ya hatari. Tumbawe lililochomwa kwenye nyuzi 900 hivi hugeuka kitu kinachochemka likikutana na maji. Tumia pipa la chuma, si ndoo ya plastiki. Maji hutangulia, vipimo viwili vya maji kwa kimoja cha mawe, kisha mawe yanatiwa kidogo kidogo kwa koleo refu. Kamwe usimwagie maji juu ya rundo la chokaa, itakulipukia usoni. Vaa miwani na glavu, watoto wasikaribie, na ndoo ya maji safi iwe kando kwa ajili ya macho. Ikipoa, ichuje kwa wavu wa milimita 3, iache ndani ya pipa ikiwa na vidole vinne vya maji juu yake. Baada ya miezi mitatu itakuwa kama siagi. Haiharibiki maadamu hewa haiifikii. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga.

Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Tope linalotua juu lisizidi nusu sentimita kwa kila sm 10 za mchanga. Onja pia kwa ncha ya ulimi: ukiwa na chumvi, uoshe kwenye pipa mara tatu, ukimwaga maji kila mara. Mchanga wa ufuoni ndio ulioziua kuta nyingi, hata zile zilizopigwa chokaa.

Kwa ukuta mkavu wa juu: kipimo 1 cha chokaa, 3 vya mchanga. Kwa sehemu ya chini inayolowa, ambako chokaa tupu huchelewa kushika: kipimo 1 cha chokaa, nusu ya vumbi la matofali ya udongo yaliyochomwa, 2 na nusu vya mchanga. Vumbi hilo hufanya chokaa ishike hata penye unyevu, bila kuziba vitundu. Fundi atakushauri uongeze saruji "kidogo tu ya kuharakisha". Kataa. Saruji kidogo haiifanyi chokaa iwe na nguvu za saruji. Inavunja mshiko wake, na inaleta chumvi mpya.

Kwa hesabu: ukuta wa mita 3 kwa mita 1.5, lipu ya sm 2.5, ni kama lita 112. Chokaa hujificha katika nafasi za mchanga, kwa hiyo wingi wa mchanganyiko ni karibu sawa na wingi wa mchanga. Andaa debe 7 na nusu za mchanga na debe 2 na nusu za chokaa, kwa kuwa ukuta wa matumbawe una mashimo na utameza zaidi ya hesabu. Changanya kwa nguvu, ukikandamiza kwa koleo dakika 20. Maji usiongeze upesi: kadiri unavyoponda, mchanganyiko unalainika wenyewe. Maji mengi ndiyo mama wa nyufa.

Kupiga lipu

Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia ukuta maji. Asubuhi rudia, kisha ungoje mpaka mng'ao wa maji upotee. Ukuta mkavu utafyonza maji ya chokaa kwa dakika chache na lipu itakuwa unga. Mashimo makubwa yajaze kwanza: vipande vya tumbawe na vigae vilivyovunjika vikishindiliwa ndani ya chokaa, tabaka lisizidi sm 2 kwa wakati.

Mkono wa kwanza urushwe kwa mwiko, usipakwe. Chokaa iliyorushwa huingia kwenye vitundu. Unene ni milimita 10 hadi 12. Ikianza kukaza, ichane kwa mistari ya kukatana. Mkono wa pili, milimita 8 hadi 10, unakuja siku ambapo ukucha haubonyezi tena wa kwanza ila unauchora tu. Kwa kawaida siku tatu hadi saba. Mkono wa mwisho ni milimita 3, kwa mchanga uliochekechwa.

Sawazisha kwa ubao, si kwa chuma. Chuma kinapong'arisha uso kinavuta chokaa yote mbele, inakuwa ngozi ngumu juu ya mwili laini, na baada ya mwezi inabanduka kama karatasi. Chini kabisa acha nafasi ya sm 2 au 3 kati ya lipu na sakafu, lipu isinyonye maji ya kupigia deki.

Kisha magunia. Chokaa haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kula hewa ikiwa na unyevunyevu. Tundika magunia ya katani mbele ya ukuta, yasiuguse, yanyunyizie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Kazi hii humchosha kila mtu na ndiyo inayorukwa, halafu lawama huenda kwa chokaa. Ikiwa lipu imepasuka nyufa nyembamba kama nywele kabla haijashika, ilowe kidogo na usugue kwa ubao, zitafunga. Ikipasuka na kulia kitupu, ibandue sehemu hiyo.

Rangi ya plastiki au ya mafuta juu ya lipu hii ni kurudi kwenye saruji kwa mlango wa nyuma. Paka maji ya chokaa: uji wa chokaa uliochujwa, ukiongezwa maji mpaka uwe kama maziwa ya ng'ombe. Unapopakwa ni kama maji matupu, utadhani hakuna kitu. Weupe huja ukikauka. Mikono minne hadi mitano, siku moja katikati, ukuta ukiloweshwa kila mara. Ukitaka rangi, tumia rangi ya unga wa udongo au oksidi, isizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Mkono mmoja mzito badala ya mitano myepesi hupukutika.

Vichwa vya boriti

Kila unapofungua ukuta karibu na dari, kagua boriti pale zinapoingia ukutani. Mkoko ni mti mgumu wenye maji mekundu yanayotumika kutengeneza ngozi za wanyama, na mchwa haupendi, lakini kichwa kinacholala ndani ya ukuta uliolowa na kufunikwa saruji huoza. Sukuma bisibisi nyembamba: ikizama zaidi ya sentimita moja, boriti hiyo haibebi tena. Gonga pia, nzima inalia kavu, mbovu inalia kama mkate.

Usiguse kitu bila kuegemeza. Sakafu ya zamani ya mawe na chokaa yenye unene wa sm 20 ina uzito wa karibu kilo 350 hadi 400 kwa kila mita mraba, na chumba kina upana wa mita 2.5 hadi 3 kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti huubeba. Weka jeki za chuma, kila moja ikiwa na ubao mnene juu na chini yake, nusu mita kutoka ukutani, na kwa ghorofa ya pili hakikisha jeki za chini yake zimesimama mstari huo huo. Watu wa juu wahame chumba hicho.

Boriti iliyooza kichwa tu si lazima itolewe. Laza boriti mpya ubavuni mwake, iingie ukutani sm 15 hadi 20, au pitisha mhimili wa mbao ngumu chini ya vichwa vyote, ukibebwa na nguzo au mawe yaliyotokeza. Kuzunguka kichwa kipya acha uwazi wa hewa wa kidole kimoja. Kiti chake kiwe cha jiwe na chokaa. Mikoko huvunwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu, kwa hiyo dai stakabadhi kwa muuzaji. Chuma badala ya boriti, kwa hewa yetu ya chumvi, hupata kutu, huvimba na kupasua ukuta.

Na sakafu ya juu ikivuja, isimwagiwe zege jipya. Sentimita tano za zege ni kilo 110 hadi 120 zaidi kwa kila mita mraba, juu ya boriti zilizokwisha dhoofika. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Mahali pake si kwenye roshani wala katikati ya chumba, ni juu ya ukuta mnene wa kubeba. Roshani yenyewe kagua pale viegemeo vyake vya mbao vinapoingia ukutani, na hakikisha mbao za sakafu zinainama kidogo kuelekea nje ili mvua ya kusi isitiririke ndani.

Masika ya kwanza baada ya kazi

Chukua chaki tena. Lipu ya chini inaweza kutoa chumvi mwaka wa kwanza, hata wa pili. Inaivuta kutoka kwenye jiwe na kuishika yenyewe. Fagia kwa brashi kavu, usipake kitu juu. Ikichoka na kuwa unga, bandua kipande hicho cha chini tu, upige kingine kwa chokaa uliyoiacha kwenye pipa. Kwa hiyo weka akiba ya debe moja chini ya ngazi, ikiwa na maji juu yake na kifuniko, na uwaonyeshe wapangaji wote ilipo.